Njaa ya Mtunya Haimo Ndani ya Afterlives

Nimesikia zaidi ya mara moja sura ya mwisho ya Afterlives ikilalamikiwa. Riwaya hii ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, inatembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka: karakana ya samani, ua wa nyumba, mwanamke na mwanamume wanaopendana huku wakioneana haya. Halafu, zikiwa zimebaki kurasa chache, inaanza kukimbia. Kijana Ilyas, aliyepewa jina la mjomba wake aliyepotelea vitani, anapata ufadhili miaka ya 1960 wa kwenda Bonn kusomea utangazaji. Akiwa huko anaanza kuulizia. Anapekua nyaraka, anapata picha, anapata tarehe. Mjomba alipigana upande wa Wajerumani, baadaye akaishi kwao, akaimba kwenye majukwaa, akaandamana na watu waliotaka makoloni yarudishwe, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Basi, kitabu kimekwisha. Wanaolalamika wanasema sehemu hiyo inasomeka kama ripoti.

Mimi naiona ndiyo sehemu yenye ukweli kuliko zote. Huku Ujerumani marehemu wetu hupatikana hivyo hasa: ndani ya faili, wakiwa na namba, majina yao yameandikwa kwa tahajia mbili tatu, na karani aliyeyaandika hakuwaza hata siku moja kwamba msomaji atakuwa mpwa wa marehemu. Laiti mwandishi angeipamba sura ile kwa machozi, angetudanganya kuhusu namna habari zile zinavyotufikia.

Nyuma ya mjomba Ilyas wa riwayani yuko mtu wa kweli anayefanana naye sana. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Wajerumani. Vita ilipoanza mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka kumi, na aliingizwa jeshini katika umri huo. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin na akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa kitu. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu vijisehemu vya Mwafrika asiye na jina. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, na tarehe 24 Novemba 1944 alifia Sachsenhausen. Siku hizi kuna kijiwe cha shaba kwa ajili yake kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Brunnenstraße, Berlin, na filamu ya Eva Knopf ya mwaka 2013, Majubs Reise, inayomtafuta katika picha za sinema alizopita nyuma ya mastaa.

Tangu Gurnah apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tangu tafsiri ya Kijerumani, Nachleben, itoke mwaka 2022, ni vigumu kwa Mtanzania anayesoma fasihi huku kuikwepa riwaya hii. Utaulizwa kuihusu darasani, utaulizwa mezani, utaulizwa na mwenyeji wako mwenye nia njema kabisa. Na baada ya kitabu huja swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: na kwenu, vita vile vinakumbukwaje?

Kwetu ni Mtera. Watu wengi wanaifahamu kwa bwawa, kwa samaki wanaouzwa kando ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa, na kwa umeme unapokatika redioni wakasema kina cha maji kimeshuka. Vita vya 1914 hadi 1918 havina mnara Mtera. Tena ukimuuliza mzee wa Ugogo kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, huenda asikuelewe unachotafuta. Muulize kuhusu Mtunya.

Mtunya ni jina la njaa. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Kabla ya kuondoka walikuwa wamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Waliokuja baada yao nao walihitaji nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kwa sababu jeshi lao lilikuwa linasogea kuelekea Iringa na hakuna gari lililoweza kupita bonde la Ruaha Mkuu wakati wa masika. Halafu mvua zikakataa. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika makala yake ya mwaka 1990, anaeleza kwamba kati ya 1917 na 1920 watu kama 30,000 walikufa katika eneo lililokuwa na watu wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano. Jina lenyewe analifasiri kwa maana ya kugombania, kunyang'anyana. Ukame umo ndani ya habari hii, lakini Wagogo hawakuiita njaa ile kwa jina la jua wala la vumbi.

Anasema na jambo jingine ambalo limenikaa kichwani kuliko hesabu ya vifo. Wagogo wenyewe, wanapoisimulia Mtunya, wanaisimulia kama wakati walipopoteza uwezo wa kujitegemea, wakaanza kuishi kwa kutegemea uchumi wa mkoloni. Sasa kumbuka utani ambao kila Mtanzania anaujua, kwamba Wagogo ni ombaomba. Tumeuchekea shuleni, tumeuchekea kwenye daladala, na sisi wenyewe tunausema kabla hatujasemwa. Ni utani wa watani, sawa. Ila una tarehe yake ya kuzaliwa, na tarehe hiyo si ya mbali sana.

Nilirudi kwenye Afterlives nikiwa na Mtunya mkononi, na kitabu kikabadilika. Kampeni ya jeshi imeandikwa kwa ukali usio na huruma kwa yeyote. Askari wanachoma vijiji, wanachukua chakula chote, wanaacha nyuma yao nchi ya watu wanaokufa kwa njaa na maradhi, na msimulizi halifichi hata moja. Lakini tazama anasimama wapi anapoyasema. Yuko kwenye msafara. Tunakiona kijiji kikikaribia, tunauona moshi, tunapita. Hamza, kijana wa pwani aliyejiandikisha jeshini kwa hiari yake na kujuta mapema, ana jina, ana usingizi mbaya, ana jeraha, na mwishoni ana mke na mtoto. Mwenye ghala lililofagiliwa hana jina. Bara ndani ya riwaya hii ni njia.

Si lawama ya kumwambia Gurnah angeandika kitabu kingine. Mwandishi huandika kutoka anakotokea, na yeye anatokea Zanzibar, anaijua pwani kwa harufu na kwa nasaba. Lakini umbo la kitabu lina matokeo yake. Afterlives imejengwa juu ya kutafuta ndugu aliyepotea: dada anamngojea kaka, mpwa anamtafuta mjomba. Kumbukumbu ya vita inapita kwenye damu, na mtu mmoja mwenye jina ndiye mlango wa kuingilia. Njaa haitoi mlango wa namna hiyo. Hakuna faili la Mtunya ambalo mjukuu wa Mtera anaweza kulifungua akamkuta bibi mzaa babu yake. Bibi yule hakuandikishwa na Wajerumani wala hakuandikishwa na Waingereza. Alichukuliwa mtama.

Hapa ndipo swali la mezani linapoanza kuuma. Ni nani aliyeuchukua mtama ule? Amri ilitoka kwa ofisa wa Kijerumani, na baadaye kwa ofisa wa Kiingereza. Mkono ulioingia ndani ya tembe ulikuwa wa askari Mwafrika, na aliposema "toa," alisema kwa Kiswahili. Jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki liliendeshwa kwa Kiswahili. Maofisa walijifunza lugha hii ili waamrishe kwayo. Kwa hiyo lugha ninayoandikia makala haya, ambayo naipenda na ambayo huku ugenini huniliwaza nikiisikia garini, kwa watu wengi wa bara ilifika pia kama sauti ya mtu mwenye bunduki.

Sentensi hiyo, ukiisema Dodoma, ni historia. Mtu atatikisa kichwa, mwingine atakumbusha kwamba askari walitoka kila mahali, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na kwamba hata wa kwetu walikuwamo. Mazungumzo yataendelea. Ukiisema Berlin, sentensi hiyohiyo inabadilika mdomoni kabla hujaimaliza. Unaona mabega ya msikilizaji yakishuka kidogo. Kumbe walifanyiana wenyewe. Hajasema hivyo, na pengine hajawaza kwa maneno hayo, lakini umempa pa kuegemea.

Na pa kuegemea hapo palijengwa zamani. Paul von Lettow-Vorbeck alirudi kwao baada ya vita akiwa shujaa, na katika vitabu vyake askari Mwafrika ni mtiifu hadi kufa, anampenda bwana wake, anapigana kwa moyo mmoja. Hadithi ya askari mwaminifu ilikuwa hoja: kama walitupenda hivi, tulinyang'anywa makoloni kwa dhuluma. Huko Jenfeld, Hamburg, bado ipo michongo ya mwaka 1939 inayowaonyesha askari wakimfuata ofisa wa Kijerumani. Ilikuwa kwenye kambi ya jeshi yenye jina la Lettow-Vorbeck, na mwaka 2003 ikawekwa ndani ya bustani iliyopewa jina la Tanzania. Jina letu limetundikwa juu ya picha ile, na sijui nani alitakiwa kufurahi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kutoka Ugogo ana wasikilizaji wawili kila anapofungua mdomo. Kuna aliye mbele yake, ambaye ukweli kuhusu askari utampa nafuu asiyostahili. Na kuna aliye nyumbani, ambaye akifichiwa ukweli huo atakuwa amenyang'anywa mara ya pili. Nimewaona wenzangu wakichagua kunyamaza, na nawaelewa. Nimewaona wengine wakichagua historia safi, yenye mzungu mwovu na Waafrika wote kuwa mwili mmoja unaoumia. Hiyo inapigiwa makofi ukumbini, lakini ndani yake bibi wa Mtera hana mahali, kwa sababu aliyemwingilia nyumbani amekuwa ndugu yake katika mateso.

Ninaloliheshimu zaidi katika Afterlives ni kwamba Gurnah hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Anawaonyesha askari wakiwa wakatili, wenye majivuno, wenye furaha ya kuogopwa, na bado hampi Mjerumani pa kuegemea. Anafanyaje? Kwa mwili. Mafunzo ya kijeshi anayoyapitia Hamza ni shule ya kupigwa. Viboko ishirini na vitano, adhabu ambayo watu wa zama zile waliiita hamsa ishirini, vinachapwa hadharani kwa utaratibu, kama ibada, na msomaji anaona jinsi hofu inavyomwingia mtu kwa mgongo na kumtokea kwa mikono. Ukatili wa askari kijijini haukuanzia kijijini. Lakini mwandishi hasemi pia kwamba askari hana hatia kwa kuwa alipigwa. Anaacha yote mawili yakae pamoja, bila kuyapatanisha.

Ofisa anayemfundisha Hamza Kijerumani ndiye mhusika anayetisha kuliko wote, kwa maoni yangu, ingawa hapigi kelele. Anampa lugha, anampa hata kitabu cha Schiller, na ndani ya ukarimu ule mna kitu kinachofanana na mapenzi na kinachofanana na umiliki, huwezi kukitenganisha. Nilikuwa najifunza Kijerumani niliposoma sehemu hizo. Kusoma juu ya mtu anayepewa lugha kama zawadi na aliyemmiliki, huku wewe mwenyewe ukikariri vitenzi ili upate alama, si jambo la raha. Hapa riwaya inanishika. Hamza anakitumia Kijerumani chake kuponea, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba ilikuwa vibaya au vizuri.

Ninapomdai mwandishi zaidi ni pale jeshi linapotoka kambini. Kwa nini mwili wa askari unapewa kurasa, na mwili wenye njaa unapewa sentensi? Inawezekana kwamba njaa haifai kwa riwaya ya aina hii. Haina tukio. Mtu aliyepigwa risasi ana saa yake. Mtu aliyekufa kwa Mtunya alikufa taratibu kwa miezi, baada ya kula mizizi, baada ya kuuza alichobakiwa nacho, na pengine baada ya kumpeleka mtoto kwa watu wenye chakula ili asife. Lakini Gurnah ni bingwa wa mambo ya taratibu. Mtu anayeweza kuijaza sura nzima kwa aibu ya vijana wawili wanaotazamana angeweza kukaa siku moja ndani ya tembe lisilo na mtama.

Waliofanya hesabu za vita hawakumtendea haki mtu huyu kuliko waandishi wa riwaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wapagazi na askari, watu waliokuwa kwenye malipo ya jeshi. Waliokufa kwa sababu jeshi lilipita hawakuwa hata kwenye orodha ya waliosahaulika. Sanamu ya askari iliyosimama Dar es Salaam tangu 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki peke yake. Nairobi angalau mpagazi naye amesimama juu ya jiwe. Kwetu amebaki kwenye jina la soko, Kariakoo, na wanunuzi wa mitumba wanalitamka kila siku bila kumkumbuka.

Na radhi? Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Kule kuna mashujaa wenye majina, kuna kaburi, kuna familia ya kuombwa radhi. Ni haki yao na ilichelewa. Lakini Mtunya ina wadaiwa wawili, na kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole: Mjerumani aseme ni Mwingereza aliyekuja baadaye, Mwingereza aseme alikuta maghala matupu, na wote wawili waseme mvua. Madola mawili yakigombana shambani kwako, kumpata wa kumdai fidia ni kazi ngumu.

Kuna mwandishi ambaye nadhani anapaswa kusomwa pamoja na Gurnah, na ambaye huku hakuna anayemtaja. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917, Mtunya ilipokuwa inaanza. Alikua akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, mtu wa ngonjera, na mwaka 1954 akachapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Namsoma si kwa sababu anatoa kile ambacho Gurnah hakutoa. Hakuandika riwaya ya njaa. Ninachokiona kwake ni uamuzi: mtoto wa mwaka ule, kutoka kwenye nchi ile, ameichukua lugha iliyopitia kwetu na misafara, majeshi na misheni, akaitumia kuandika kwamba Wagogo wana nasaba, wana watemi, wana mipaka, wana adabu zao. Anaandika kwa utulivu wa mtu anayehesabu mali yake baada ya wevi kuondoka. Nani alimwambia kwamba lugha ile si yake? Hakuuliza.

Natamani mtu aisome Afterlives kwa kuijaribu katika Kiswahili, kama Ida Hadjivayanis alivyoigeuza Paradise ikawa Peponi mwaka 2022. Katika Kiingereza, maneno ya Kiswahili ya askari yanasimama kama wageni, msomaji wa London anayatazama kwa mbali. Katika Kiswahili ugeni huo unapotea. Amri zinakuwa maneno ya nyumbani, yaleyale ambayo mama anamwambia mtoto: njoo, leta, kaa chini, haraka. Msomaji wa Tanzania hataweza kujificha nyuma ya lugha ya mwandishi.

Na kuna tatizo ambalo Kiingereza kiliweza kulifunika. Askari akifika mlangoni kwa mzee wa bara, Kiingereza kinawavalisha wote wawili nguo moja, tunadhani wanaelewana. Kwa Kiswahili, askari atasema Kiswahili, na mzee itabidi ajibu. Atajibu kwa Kigogo? Kwa Kiswahili cha kubahatisha alichokiokota kwenye misafara ya pembe? Au atakaa kimya akitazama ghala lake? Mtafsiri hawezi kuiruka sentensi ile, na mimi nitaifungua tafsiri yake ukurasa huo kwanza.